Mgomba wa Kator

Natalina anasema alimwona kwa macho yake mawili, asubuhi na jua limeshawaka, pale kliniki ya malaria ya wajawazito kwenye njia ya kwenda Bilpam. Alikuwa amempeleka mke wa mwanawe, Zilpah, ambaye tumbo lilikuwa limeshuka tayari. Anasema wanawake walijaa kwenye mabenchi chini ya turubai, na mbele yao alisimama Yangi wangu, shati jeupe, kalamu mfukoni, akizungumza Kiarabu cha Juba kitamu kama asali ya Yei. Alikuwa anawaomba kitu.

"Kitu gani?" nilimwuliza.

Tulikuwa sokoni Konyo Konyo, mimi nyuma ya ndizi zangu za kupika, yeye nyuma ya samaki wake wakavu. Meza zetu zimegusana tangu nilipokuja Juba, na habari za watu wengi wa mji huu nimezipata kwake kabla wenyewe hawajazijua.

"Kondo," alisema, akashusha sauti. "Ile inatoka nyuma ya mtoto. Wanataka mama akizaa, awape. Wanakata kidogo, wanatazama na ile mashine ya kioo kama malaria ilifika kwa mtoto. Wanawake wakakataa. Mama moja mzee akasimama, akamwambia, 'Ya weled, wewe kijana, hiyo kitu inazikwa nyumbani. Yako wewe, mama yako alimpa nani?' Watu wakacheka mpaka benchi ikalia. Sasa sikia Yangi yako alijibu nini."

Akageuka kufukuza nzi kwanza. Natalina anajua kukata hadithi pale inapouma.

"Alijibu, 'Mama zangu, hata mimi iko na mtoto. Mke wangu alizalia hapa hapa. Yeye mwenyewe, na mdomo yake, alikubali kondo ibaki kwa daktari. Kitu gani ilimpata? Mtoto ni mnene, mama yake anauza ndizi sokoni.' Ndiyo hivyo alisema. Zilpah iko shahidi."

Kisu changu kilikuwa katikati ya mkungu. Nilikiacha pale pale.

"Alisema mke?"

"Ya bit, msichana wewe! Mimi nakwambia habari ya kondo, wewe unauliza habari ya mke!"

Lakini ndilo neno lililoniingia kwanza. Muda wote niliokuwa na Yangi nilikuwa nimelingoja neno hilo kama mtu anayengoja lori la Uganda wakati barabara imekatika. Aliniita Kevi. Aliniita roho yangu. Mbele ya watu aliniita "huyu dada." Na sasa alikuwa ameniita mke wake mbele ya benchi zima la wanawake wa Juba, nami sikuwepo kusikia.

"Umemsikia vibaya, mama," nilisema. "Kondo la mwanangu liko Kator, kwa mama yake Yangi. Lilizikwa siku ile ile, na juu yake ukapandwa mgomba."

"Wewe uliona huo mgomba?"

Nilichomoa kisu, nikakata chane, nikaipanga juu ya nyingine. Natalina alinitazama, kisha akatazama pembeni kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko maneno yake.

Sikuwa nimeuona.

Mimi nilizaliwa Jinja, katika kambi ya jeshi ambako baba alikuwa mpishi, na ndiyo sababu Kiswahili ni lugha yangu ya nyumbani kama Kiganda. Shule niliachia darasa la sita. Vita vya huku vilipokwisha na amani kutimiza miaka miwili nilipanda lori na shangazi, tukaja Juba kuuza ndizi. Yangi alikuwa mtu wa hapa aliyerudi. Alikulia ukimbizini Koboko, upande wa Uganda, akasoma huko, akarudi na Kiswahili, Kiingereza na macho ambayo yakikutazama unajikuta unapanga upya kitambaa cha kichwa. Alianza kununua kwangu chane mbili kila siku, mtu anayeishi peke yake.

"Huyu ni mtu au tumbili?" Natalina aliniuliza wakati ule. "Ndizi zote hizo zinakwenda wapi?"

Nilikuwa najua zinakwenda wapi. Alikuwa akizigawa kwa vijana wa bodaboda pale kona, akidhani sioni. Mimi huona. Sikusema kitu, nilimwacha anunue mpaka akaishiwa na visingizio, akaniambia anachotaka.

Mama yake hakunitaka. Hakuwahi kunitukana, hakuwahi hata kuniona vizuri. Alisema tu kwamba mwanawe hakurudi nyumbani kutoka Uganda ili Uganda imfuate nyuma. Nilipopata mimba, Yangi aliniambia, "Ngoja mtoto azaliwe. Kwetu kondo likizikwa mbele ya nyumba ya bibi, mtoto ni wa nyumba hiyo, na mama wa mtoto hawezi kufukuzwa." Nikamwambia hata kwetu ni hivyo, huzikwa chini ya mgomba. Tukacheka, tukaona kumbe tumekutana njiani. Nilimwagiza dereva wa lori chipukizi la mgomba kutoka Masaka. Lilifika shina limepasuka. Nikalifunga kwa kipande cha kitenge changu cha rangi ya machungwa.

Nilijifungulia kliniki yao kwa sababu Yangi alifanya kazi pale. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa daktari: daktari mzungu alisema Kiingereza, Yangi akakitia Kiarabu au Kiswahili, kisha akarudisha majibu. Mtoto alipotoka, wa kike, alibeba ndoo yenye mfuniko mkono mmoja, mgomba begani, akaondoka kwa bodaboda kwenda Kator. Alirudi viganja vimejaa udongo. Nilivibusu vile viganja na udongo wake.

Tangu siku ile kila akija aliniambia, "Mgomba wetu umetoa jani." Jumapili nyingine, "Umetoa lingine, refu." Na mama yake? "Moyo wake unalainika, Kevi. Atamwita mtoto ampe jina." Kwa hiyo mwanangu alikuwa bado hana jina, maana jina lilikuwa la bibi kutoa. Mimi nilimwita Nyabo, kama mtu anavyomwita mama mwenye heshima zake, kwa utani, nikingoja.

Kesho yake nilimfunga Nyabo mgongoni na kufunika ndizi zangu kwa gunia, niende kliniki kwa Yangi. Natalina naye alianza kufunika samaki wake.

"Wewe unakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Kwa Zilpah. Leo ni siku yake ya kupimwa." Alijifunga lawo yake begani, ile nguo yao ya kufunga juu ya gauni. "Na samaki inaweza kungoja. Maneno kama hii ukiyaacha, yananuka."

Tangu nijifungue sikuwa nimerudi pale. Kabla ya kufika kwenye turubai niliuona mgomba.

Ulikuwa karibu na bomba la maji, ndani ya uzio wa kliniki, mahali ambapo maji yanayomwagika huacha matope. Umenenepa. Majani manne yamefunguka na la tano limejikunja katikati kama sigara. Chini, shingoni mwa shina, kitenge cha rangi ya machungwa kilikuwa bado kimefungwa, kimepauka upande wa jua. Yale majani aliyokuwa akinihesabia Jumapili kwa Jumapili yalikuwa ya kweli. Alikuwa akiyatazama kila siku akinawa mikono.

"Yesu," alisema Natalina. Alikwenda kukaa kwa Zilpah.

Yangi alitoka ndani ya hema akiwa na ndoo ya kuchota maji. Aliponiona, macho yake yalifurahi kwanza. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Yangeogopa kwanza, ingekuwa rahisi kwangu.

"Kevi! Mbona hukuniambia unakuja?" Akanyoosha mkono, akamfuta Nyabo jasho kwenye paji la uso. Mtoto akamcheka. "Binti yangu, nani amekuleta kwenye jua hili?"

"Yangi, mgomba huu umetoka wapi?"

Mkono wake ulibaki hewani.

"Twende pale nyuma kivulini tuongee."

"Kivuli kiko hapa. Cha mgomba wetu."

Aliweka ndoo chini. Alitazama kule kwenye mabenchi, akanitazama mimi, akatazama kitenge. Nilingoja. Sina elimu ya kumfanya mtu aongee, ila najua kungoja, na watu wengi hawawezi kuvumilia mtu anayengoja.

"Mama alikataa," alisema mwisho. "Nilifika Kator, Kevi, naapa nilifika. Ndoo mkononi, mgomba begani. Alisimama mlangoni, hakuniambia hata kaa. Alisema, 'Hicho kikizikwa hapa, huyo mwanamke ameota mizizi hapa. Watu watauliza ng'ombe wa mahari wako wapi, watauliza ukoo wake, niwajibu nini? Anauza ndizi?' Halafu akaanza habari za Charity."

"Charity ni nani?"

"Binti wa katekista. Si kitu. Ni maneno ya mama."

"Na wewe ulimjibu nini mama?"

Aliinama, akaunyoosha mpini wa ndoo.

"Ulimjibu nini, Yangi?"

"Yule ni mama yangu, Kevina."

Alipotaja jina langu zima nilijua hakujibu lolote. Alikuwa amesimama pale mlangoni na ndoo yake, kisha akageuka.

"Ungekuja kwangu," nilisema. "Ungeniambia, mama amekataa. Tungetafuta mahali. Shangazi ana kiwanja nyuma ya chumba. Natalina angetupa hata pembe ya uwanja wake."

"Ulikuwa umelala pale umechoka, unatabasamu. Uliniuliza, 'Tayari?' Ningekwambiaje? Nikarudi hapa nimebeba aibu yangu kwenye ndoo, na hapa ndipo mahali pekee walipokuwa wanaitaka." Sauti yake ilipanda kidogo, ikawa ile ya mbele ya mabenchi. "Na si kitu kibaya, Kevi. Wewe huoni tunachokiona. Watoto wanazaliwa wadogo kama njiwa, wengine hawalii hata mara moja, na mama hakuhisi hata homa. Malaria inajificha mle ndani ya kondo. Bila kutazama hatujui dawa ipi inafika. Lako limesaidia watoto wa watu."

"Wanachukua kiasi gani?"

"Nini?"

"Natalina anasema wanakata kidogo. Kiasi gani?"

Akaonyesha ncha ya kidole chake kidogo.

"Na kinachobaki?"

"Mama akitaka, anarudishiwa."

"Changu kiko wapi?"

"Kipande kiko ndani, kwenye chupa ya dawa. Kilichobaki..." Alitazama bomba la moshi la tanuri nyuma ya hema, lile wanalochomea sindano na pamba. Hakuhitaji kumaliza.

Nilishika shina la mgomba. Nilihisi baridi ya maji iliyo ndani yake.

"Kitu kimoja sikielewi," nilisema. "Hawa watu wanawasihi hawa wanawake tangu asubuhi. Mama akikataa wanamwacha. Hawachukui kwa nguvu. Changu walichukuaje?"

"Ni sharti la daktari. Mama mwenyewe asipokubali, hagusi."

"Basi mimi nilikubali lini?"

Yangi alipangusa mdomo kwa kiganja. Na mimi, polepole, nikaanza kukumbuka: baada ya yeye kurudi, daktari alikuja kitandani kwangu. Aliniinamia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia maneno marefu, ya upole, akinitazama machoni. Yangi alisimama nyuma yake.

"Uliniambia daktari ananipa hongera," nilisema. "Uliniambia anauliza kama najisikia vizuri."

"Kevi."

"Nikasema ndiyo. Nikamwambia ndiyo, na asante. Hata nikambana mkono. Yangi, aliniuliza nini?"

"Ungekataa!"

"Ningekubali!" Nyabo alishtuka mgongoni. Nilishusha sauti. "Ungeniuliza ningekubali kipande. Mimi nimezika ndugu zangu wawili wa malaria Jinja, unajua. Ningekubali kwa mikono miwili. Lakini ningekwambia uniletee kinachobaki, na wewe hukuwa na mahali pa kukipeleka. Hukuogopa nikatae. Uliogopa nikubali."

Aliona aibu, na aibu ilimfanya mzuri, Mungu anisamehe. Alinisogelea karibu hadi nikasikia sabuni ya shati lake, ile niliyomnunulia mimi. Mwili wangu haukuwa umepata habari bado. Ulitaka kuegemea pale pale ulipozoea.

"Nisikilize, roho yangu. Nyamaza leo tu. Daktari akijua, nafukuzwa papo hapo. Nikifukuzwa nitakuoa na nini? Kila kitu ninachofanya hapa ni kwa ajili yetu. Mama atalegea. Nipe muda."

"Mama umeniambia amelegea. Kila Jumapili umeniambia."

"Nilikuwa nakupa moyo."

"Na hawa?" Nilionyesha mabenchi. "Uliwaambia mke wako alikubali kwa mdomo wake. Wangapi wamekupa kwa sababu ya mdomo wangu?"

Daktari alitoka ndani ya hema akikausha mikono. Alinitambua. Uso wake mwekundu ulifunguka wote, akaja moja kwa moja, akamchungulia Nyabo, akamgusa shavu, akasema maneno mengi kwa furaha. Huyu mwanamke hakuwa mbaya. Alikuwa ameniuliza vizuri, tena akingoja jibu langu. Alinishika kiwiko akanivuta taratibu mpaka mbele ya mabenchi, akamwashiria Yangi atufuate.

Yangi alikuja. Alisimama kati yetu, mahali pake pa siku zote.

"Daktari anasema..." Alikohoa. "Anasema amefurahi kumwona mtoto. Anasema asante kwa moyo wako. Anaomba, kama hutajali, uwaambie hawa mama jinsi ulivyokubali."

Safari hii alitafsiri sawasawa. Nilijua, kwa sababu aliona vigumu.

Wanawake walinitazama. Yule mzee aliyesimama siku ile alikuwa benchi la mbele, mikono kwenye fimbo.

"Huyu ndiye mke?" alimwuliza Natalina kwa Kiarabu.

"Mwulize mwenye kumwita," alijibu Natalina.

Kiingereza changu ni cha sokoni. Kingetosha kusema hapana, kingetosha hata kuokoteza maneno mengine mawili matatu mpaka daktari ashtuke. Nilikuwa nayo pale kwenye ulimi. Nikayameza. Nilitaka yatoke kwa Yangi. Nilitaka kuona kama kuna mlango wowote duniani ambao mtu huyu anaweza kusimama mbele yake akanitaja.

"Nitasema," nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa turubai. "Na wewe umwambie daktari neno kwa neno. Mwambie siku ile hukunipa swali lake. Mwambie ile 'ndiyo' yangu ilikuwa ya hongera. Mwambie sina ugomvi na kazi yake, ila sikuulizwa, na hawa mama wanastahili kujua hivyo kabla hawajatoa chochote."

Natalina alikuwa ameshasimama. Alikuwa akiyatia maneno yangu Kiarabu, moja baada ya jingine, bila chumvi, yeye ambaye hawezi kusimulia bei ya samaki bila chumvi. Zilpah alijifunika tumbo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyecheka.

"Halafu umwombe kile kipande kilichobaki kwenye chupa," niliendelea. "Ni kidogo, lakini kinatosha kuzika. Mwambie nakiomba ili mwanangu awe na nyumbani, apate kuitwa jina. Akiuliza kitazikwa wapi, mimi sitajibu. Hapo utajibu wewe, baba yake. Taja mahali."

Daktari hakuwa ameelewa hata neno moja. Alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limeanza kutafuta mahali pa kukaa. Aliwatazama wanawake, akaona nyuso zao. Akamgeukia Yangi, akamwuliza kile ambacho hata darasa la sita linatosha kukielewa: amesema nini?

Yangi alinitazama. Jasho lilikuwa limelowesha shati lake jeupe mgongoni na kifuani. Alifungua mdomo. Nyabo, mgongoni kwangu, akainua kichwa kumtafuta.

Daktari akauliza tena.